Jibu la Swali la Nne

Mwabungo,
Juni 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko isiwe imelisumbua tena goti lako. Mimi mwili ni mzima. Mutua kaka yangu, msomee Mama polepole, na usiruke mahali hata ukiona pana aibu.

Mama, umeniuliza tena kwa nini sirudi nyumbani, na wenzangu wengi wa bara waliondoka huku pwani walipofukuzwa katika fujo za mwaka jana. Nimechelewa kujibu kwa sababu kuna jambo lilinipata, nikataka kwanza nijue mwisho wake.

Cherehani yangu naiweka barazani. Tangu Januari watoto wa darasa la saba hupitia hapo wakitoka shule, niwasaidie kazi zao za Kiingereza. Alianza Mwanasha, binti wa jirani yangu Bi Mwanahamisi, akaleta wenzake hadi wakafika saba. Wao huketi mkekani, mimi nashona, nao wananiuliza neno hili maana yake nini, hapa tujibu vipi. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili najitahidi.

Basi juma moja hawakuja. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Jumatano nikakutana na Mwanasha kisimani, akainamisha kichwa akapita. Mwaka jana pia ilianza hivyo hivyo, kwa salamu kupungua. Alhamisi nikawarudishia wateja vitambaa ambavyo sijavishona, nikafungasha nguo zangu ndani ya gunia.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri nikasikia, "Hodi hapa." Alikuwa Bi Mwanahamisi na bintiye. Aliliona gunia, akamgeukia bintiye.

"Mwanasha, soma swali la nne la kazi yenu ya Kiingereza, na jibu lako. Sema kwa Kiswahili."

Mtoto akasoma kwa sauti ndogo: kwa nini yule mwanamke wa hadithini alifunga mlango na madirisha? Kwa sababu aliwaogopa majirani zake.

"Watoto saba, jibu moja, na si sahihi," akasema Bi Mwanahamisi. "Mwalimu wao kawakataza kuja kwako. Hadithi yenyewe yasema upepo ulikuwa ukimzimia taa. Huyu ameona haya kukwambia. Lakini hayo ni ya shule. Mimi nauliza langu. Jibu hili umelitoa wapi?"

Nikakumbuka. Siku ile nilikuwa na gauni la harusi la kumaliza. Nilimwambia Mwanasha anisomee swali tu, nikajibu bila kuitazama hadithi.

"Nimelitoa kwangu," nikasema.

"Jee, watuogopa?"

"Nawaogopa."

Nilidhani ataondoka. Alimwambia mtoto atangulie nyumbani, akavua ndara, akaketi mkekani.

"Mwaka jana mimi ndiye niliyewakataza watoto wasikuamkie," akasema. "Nilichelea watu wataona tunakuficha. Nawe ukawa wawasalimu vile vile. Kila siku nataka kukwambia, nashindwa. Niwie radhi, mwanangu."

Nilimuuliza kama atakunywa chai, akasema atakunywa.

Jumatatu alinisindikiza shuleni. Nikamwambia mwalimu kosa ni langu, si la watoto. Akakubali waje, mradi wasome hadithi yote kwanza na jibu walitafute wenyewe. Wamerudi watano. Wawili wazazi wao wamekataa. Sijui ni kwa ajili ya mwalimu au ni kwa ajili yangu, na sijathubutu kuuliza.

Kwa hiyo, Mama, siwezi kukudanganya kwamba hofu imeniisha. Ninayo, naamka nayo. Lakini yuko mtu mmoja huku anayejua kuwa ninayo. Niache nikae hadi Desemba, nije tuzungumze ana kwa ana.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, mke wa Mutua na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona, na mchungaji, aniombee.

Bi Mwanahamisi naye amenituma nikusalimu. Ameuliza umri wako, apate kujua kama akupe shikamoo au akusalimu kama mwenzake. Nami umri wako siujui hasa. Mutua aniandikie.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Ndunge