Aliyelikunja Bawa

Salma mjukuu wangu,

Huku Irving, jirani na Dallas, sote tu salama, ila miguu yangu imegoma. Umeuliza kwa nini niliipa mgongo ile ndege ya vita kwenye maonyesho ya Dallas.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege kama ile zilitua Mombasa kutoka manowari zilizozibeba. Mabawa yalikunjwa kwa mikono ili zienee melini, na baba yangu alikuwa kibarua wa kuyakunja. Siku moja bawa likamsaga vidole vyote vya mkono wa kulia.

"Sasa nimebaki na bawa moja," alitutania. Lakini hakula nasi tena. Aliona haya kutia mkono wa kushoto kwenye sinia.

Kibao cha maelezo kando ya ile ndege ya Dallas kimemtaja rubani tu. Nakaribia kufa, Salma, na sijasamehe. Picha uliyopiga chini ya lile bawa usiifute. Atakayeiona, mwambie ni nani aliyekunja mabawa kama lile.

Babu yako