Santuri ya Kaka Makame na Mawe ya Mzee Sudi

Jumamosi, Januari 1972. Joto.

Upepo umekata tangu juzi na nyumba nzima inanuka chokaa. Nimerudi shamba sasa hivi na vumbi la njia nzima miguuni. Sijakoga, sijala, nimekaa kuandika moja kwa moja, maana nisipoandika nitashuka kumtukana mtu barazani, na wiki hii nimeshatukana vya kutosha.

Nina hasira.

Si hasira ya kupita. Ni ile inayokaa kifuani mpaka tonge halishuki.

Yalianza Alkhamisi. Nilikuwa dirishani na cherehani yangu nikishona kanzu za watu, kwani Idd ya Mfunguo Tatu imekaribia na kila mtu anataka yake imalizwe kabla ya ya mwenzake. Chini ya dirisha langu ndipo ilipo baraza ya mashabiki wa Bendi ya Radi. Wako pale tangu sijaolewa. Wanakunywa kahawa ya Mzee Sudi, ambaye mkahawa wake unatazamana na mlango wetu, na wanabishana juu ya magitaa utafikiri wanagawana mirathi. Siku hiyo Fadhili, karani wa bandarini ambaye ndiye mwenye neno la mwisho pale, alikuja na mashine mpya ya santuri aliyoletewa na shemeji yake baharia. Wakaiwasha. Nikasikia mtu anaimba.

Ilikuwa roki ya mwendo wa haraka, sauti ya kijana, nyepesi, yenye kicheko ndani yake, inakimbizana na gitaa la umeme na kulipita. Mguu wangu ukaanza kukanyaga cherehani kwa kufuata ngoma na mshono ukaenda upogo. Nikajiuliza, huyu nani tena? Kisha akavuta neno moja kwa ile sauti aliyokuwa akiniitia tulipokuwa wadogo, nije ndani nikale, na sindano ikanichoma kidole.

Ni kaka yangu Makame.

Wewe shajara huijui habari hii, maana sikuwahi kuiandika. Nilikuwa nimeolewa Bwejuu wakati huo na niliipata kwa midomo ya watu tu. Bendi ya Radi ilikuwa imeshapiga miaka mingi kabla ya hapo, na mpaka leo inapiga. Kaka ndiye aliyekuwa mwimbaji wao. Akisimama jukwaani, wanaume wazima wanasahau viatu vyao. Wakaitwa Nairobi kurekodi, na waliporudi walirudi na santuri kubwa, nyimbo sita huku na sita kule. Mtaa ulikuwa umezoea santuri ndogo za wimbo mmoja mmoja. Hii ilikuwa ya kwanza ya aina yake kutoka kwa watu wetu wenyewe, na mtaa mzima ulikusanyika kwa Mzee Sudi kuisikiliza, kwani ndiye peke yake aliyekuwa na mashine.

Wakaisikiliza. Wakaikataa.

Walisema imelala. Walisema upande wa kwanza unasinzia na wa pili umeshakufa, bado kusomewa khitma. Walisema Makame jukwaani anawachangamsha, lakini alipofika kwa wakubwa wa Nairobi akawaimbia watu wake kwa uvivu, na sauti yenyewe imekuwa nzito kama ya mzee mlevi. Kaka yangu, ambaye hajawahi kuonja pombe. Wapiga magitaa nao, badala ya kumtetea, wakasema yeye ndiye aliyewavuta nyuma.

Hapa kwetu mwimbaji haambiwi usoni kwamba ameboronga. Watu wanakaa tu vitini. Mtu akiimba vizuri unainuka, unakwenda mpaka mbele yake ukicheza, unamtunza kwa pesa, unarudi mahali pako. Asipokupendeza, unabaki umekaa unatazama kucha zako. Sikukuu iliyofuata Kaka aliimba usiku kucha na hakuinuka mtu hata mmoja, na waliokaa mstari wa mbele walikuwa hawa hawa wa barazani kwangu. Asubuhi yake akarudisha suti ya bendi. Wakati ule ule Mapinduzi yakaja, kila mtu akawa na yake ya kufikiri, na hakuna aliyeuliza Makame kaenda wapi. Alikwenda Kizimbani, kwenye shamba la serikali. Yuko huko mpaka leo, anatunza miche ya mikarafuu. Haimbi. Hata kwenye maulidi anaitikia kwa midomo tu.

Sasa niandike kile kinachoniuma.

Alkhamisi ile Fadhili aliitoa santuri ya Kaka ili wacheke. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Tuwekeeni ile khitma tucheke kidogo." Ilipoanza, vicheko vikakatika. Mmoja akainuka. Wa pili akainuka. Nilipochungulia, baraza nzima ilikuwa wima, watu na vikombe vyao mikononi wanacheza kichochoroni mchana kweupe. Walipogeuza upande wa pili ndipo Mzee Sudi akapiga kelele kutoka mkahawani kwake.

"La haula! Jamani, yale mawe yangu!"

Mashine yake ya zamani ilikuwa ikienda kwa mawe, hizi betri za redio na tochi. Na Mzee Sudi, kama tunavyofanya sote, mawe yakichoka hakuyatupa. Aliyaanika juani juu ya ukuta mpaka yapate moto, akayarudisha ndani. Mawe ya kuanikwa yanaamka kidogo tu, kisha yanalala tena. Santuri ndogo inakwisha kabla hayajalala. Santuri kubwa haiishi. Kila wimbo ulikuwa ukizunguka polepole kuliko uliotangulia, na sauti ya kijana wa miaka ishirini na nne ikishuka na kushuka, na wale majaji wa muziki wamekaa na kahawa zao wanatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuigusa mashine.

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mchanga. Wakamtania Mzee Sudi kwamba amemzika mtu mzima mzima, naye akajibu kwamba mawe yalikuwa adimu siku zile. Kufika Magharibi wakawa wameshakubaliana kwamba hiyo ndiyo santuri bora kuliko zote zilizowahi kutoka Unguja. Walikuwa wakiisema kama kitu walichokivumbua wao. Fadhili akaeleza upande wa pili una ufundi gani, kwa sauti ile ile aliyotumia kuuzika.

Mimi niko juu na kidole mdomoni.

Jana baada ya sala ya Ijumaa wakapiga hodi kwangu, Fadhili na wenzake wawili, na sahani ya halua. Nikawakaribisha, nikawatilia kahawa, kwani sikulelewa vibaya. Nikangoja neno moja. Lilikuwa neno fupi, halikuhitaji halua. Badala yake Fadhili akanyoosha miguu.

"Bi Kheri, kakaako hana mpinzani. Sisi tunataka umwambie aje aimbe sikukuu hii. Watu wote watakuja. Yale mambo ya zamani, unajua tena, ilikuwa mawe tu."

Mawe tu!

Nikamwambia mawe hayana mdomo. Mawe hayakumwita mtu mlevi. Mawe hayakukaa mstari wa mbele yakatazama kucha. Nikamwambia kama ana la kumwambia Makame, gari za shamba zinaondoka Darajani kila asubuhi, apande aende akamwambie mwenyewe, na nikamtaka aseme hapo hapo kama atakwenda. Fadhili akasema kesho ana zamu. Wa pili akasema mkewe ana mgeni. Wa tatu alikuwa anaitazama halua.

"Basi nipeni mashine," nikasema. "Nnakwenda mimi."

Walifurahi mno, walifikiri nimekubali kuwa mjumbe wao. Waliniletea na santuri imefutwa vumbi.

Kwa hiyo leo alfajiri nilipanda gari ya shamba na mashine mapajani kama mtoto mchanga. Nilinunua mawe mapya, ya dukani, hayajawahi kuona jua. Njia nzima nilijitengenezea furaha. Niliona Kaka atasikiliza, atasimama, atarusha kofia, atanikumbatia, na mimi nitakuwa mtu aliyemrudishia sauti yake. Niliona hata vile atakavyowakatalia wale watu.

Nilimkuta anamwagilia miche. Nilimwamkia, akaitikia, akanawa mikono, akaniuliza habari za mjini. Nilimweleza yote kwa haraka, mawe na jua na ukuta, huku nikifungua mashine. Aliniambia niiache. Sikumsikiliza. Niliweka sindano.

Alisikiliza wimbo wa kwanza amesimama. Wa pili amechutama. Uso wake haukufanya lolote katika yale niliyoyapanga ndani ya gari. Katikati ya wa tatu aliiinua sindano mwenyewe, taratibu, bila kuikwaruza santuri.

Nilikuwa sijawahi kufikiri jambo moja. Kaka naye aliisikia ile santuri kwa Mzee Sudi. Hakuwa na mashine. Nairobi waliimba mara moja wakaambiwa asante, hawakusikilizishwa. Mara ya kwanza katika maisha yake kuisikia sauti yake kutoka nje ya kichwa chake ilikuwa pale, kwa mawe yaliyokufa, na watu wakicheka. Mimi nilidhani waliomkosea ni wao na yeye alijua kwamba wamemkosea. Kumbe hakujua. Aliwaamini. Aliondoka kwenye bendi kwa sababu alijisikia kwa masikio yake mwenyewe akaona wana haki.

"Kheri," akaniambia, "mimi nlikuwa nshapumzika. Nlijua siwezi kuimba, basi, nkaja zangu huku. Mtu asiyeweza hana anachokikosa. Sasa umekuja kunambia nlikuwa naweza. Miaka yote hii nlikuwa naweza!"

Hakupaza sauti. Afadhali angeipaza.

Nilitaka kumjibu kwamba bado hajazeeka, kwamba bendi bado ipo, kwamba sikukuu ni wiki ijayo. Nilipomtazama mikono, iliyoota sugu za jembe, nikayaacha. Nilikaa naye chini kwenye majani. Mfanyakazi mmoja alipita akatusalimu na Kaka akamjibu vizuri tu, kama vile hakuna lililotokea.

Kisha akaniuliza wale wa barazani wamesema nini. Nikamwambia wanamtaka kwenye dansi. Akauliza, mbali na hilo wamesema nini. Nikamwambia kweli.

Hawakusema kitu.

Akatikisa kichwa. Akasema sikukuu haendi, wala yoyote ijayo, mpaka waje wenyewe wamwambie. Nilifurahi kusikia ana hasira, Mungu anisamehe, maana ni hasira ya kwanza kuiona kwake tangu alipohama mjini. Nilipoanza kuifunga mashine niirudishe, akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Hii niachie. Upande wa pili sijausikia bado."

Nimemwachia. Nilipokuwa napanda gari ya kurudi nilimwona ameshaibeba chini ya kwapa, anakwenda nayo upande wa chumba chake, na ndoo ya kumwagilia ameisahau njiani.

Sijui kama nimemfanyia wema au nimemfungulia kidonda. Nitalala nalo hilo, na pengine nitaamka nalo.

Lakini nimepita barazani jioni hii. Fadhili aliruka kutoka mahali pake, akaniuliza mashine yake iko wapi, shemeji yake ataiulizia, na mbona mikono mitupu. Nikamjibu iko kwa Makame bin Haji, mwimbaji, Kizimbani, na kwamba akiitaka akaichukue kwa mkono wake mwenyewe, na ajue la kusema akifika.