Skrini ya Kuonekana Toka Kitandani

Wifi,

Uji wa kaka yako uko kwenye chupa. Mwegemeze kwenye mito kabla hujamnywesha, dawa ameze akishashiba. Mimi nimekwenda kuchagua skrini mpya ya kompyuta.

Utamkuta amenuna. Jana nilikuwa nasafisha picha za harusi ya mteja kwenye kompyuta, naye akaniambia akiwa kitandani, "Bibi harusi umemfanya mgonjwa. Mwongezee wekundu." Nikaongeza, kama ninavyomsikiliza tangu mgongo umlaze na kazi yake ya picha ikawa yangu. Asubuhi hii mteja kazirudisha, eti nyuso zimeiva kama nyanya. Kumbe skrini yetu ukiitazama toka pembeni, kule alikolala, rangi zinafifia. Nikamwambia, "Unachokiona wewe sicho kilichopo." Akafumba macho. "Basi sina kazi tena humu ndani," akasema.

Muuzaji kaniambia kwa simu anazo mbili zenye rangi za kweli. Moja anaiona vizuri aliyekaa mbele tu, nyingine haibadiliki hata ukiwa ubavuni.

~~Nachukua ile ya mbele, nami nipumue.~~

Nachukua ile ya pili. Macho ndiyo yaliyombakia. Ila ataona kila ninachogusa, kutwa nzima, nami kwenye kiti kilekile, na mlango uko nyuma yangu.

Jumapili kaa naye, tafadhali. Sina pa kwenda, wifi. Nataka kutoka tu.

Ukishasoma, kichane kikaratasi hiki. Asikione.

Wifi yako