Mikono Yako Ilipotulia

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, ndoo ya rojo la vitumbua iko mbele yangu na moto haujashika. Ungeniona ungesema, "Zena, wateja hawali karatasi."

Wateja wapo. Tangu waseme gesi imepatikana baharini, Palma haijapungukiwa na watu, na vijana wanaokwenda kazini Afungi bado wanapita hapa asubuhi kabla ya gari lao. Wanakuulizia. "Tia yuko wapi?" Ndiyo shangazi kwa Kireno chao. Wa mwanzo nilimweleza. Siku hizi nasema umesafiri, maana nikieleza nalia, na nikilia vitumbua vinaungua.

Nina jambo, Shangazi, na sijui nimpelekee nani zaidi yako.

Unakumbuka mikono yako ilivyokuwa ikitetemeka? Ulikuwa na sharti lako: mpishi hali mpaka wateja wa mwanzo wameshiba, ati akianza yeye baraka inaondoka. Unameza kidonge chako cha ugonjwa wa sukari alfajiri, unakaa motoni na tumbo tupu. Kisha mikono inaanza kutetemeka, moyo unakwenda mbio, unacheka: "Haya, mikono inaniita chai." Sharti unaliweka kando, unakunywa chai ya sukari, unakuwa sawa.

Kisha ukavuka mto Ruvuma, ukaenda Mtwara upande wa Tanzania kuwaona wakwe zako, ukapimwa presha, ukarudi na vidonge vingine. Daktari wa ng'ambo hakukuuliza unameza nini nyumbani, na wewe si mtu wa kujisemea mbele ya daktari. Mwanao Bakari, anayevusha vitenge pale mpakani Namoto, akawa anakuletea vingine kila vikiisha. Na mikono ikatulia. Jamani, tulivyofurahi! Uliwanyooshea majirani vidole wavione. Vitumbua vikatoka mviringo, havina pembe hata kimoja. Tulikisifu kidonge kile kama mkwe mpya.

Asubuhi ile ya mwisho hukutetemeka hata kidogo, wala hukuitisha chai. Ulikuwa ukitoka jasho tu, na mbele ya moto wa kuni nani asiyetoka jasho? Nilikufuta uso kwa ncha ya kapulana yangu, kitenge nilichojifunga. Ukaniita kwa jina la marehemu mama, nikadhani unanitania. Ukamimina rojo nje ya kikaango, ukaanguka. Vijana wa Afungi ndio waliokubeba kwenye gari lao. Hospitalini wakakuwekea maji ya sukari mshipani. Hukuamka.

Baada ya arobaini nilimpelekea nesi pakiti zote mbili. Akaziweka mezani, moja kando ya nyingine. Akasema kile cha sukari kinashusha sukari mwilini, na ukikimeza bila kula inashuka mno. Kile cha presha, cha aina ile uliyopewa, kinatuliza moyo na mikono, basi sukari ikishuka mwili haupigi hodi tena. Jasho tu ndilo linalobaki. Akasema wengi wanameza vyote viwili na wako wazima, ila mtu aambiwe, ale, apimwe. Alisema kwa upole sana. Nilitamani anifokee.

Nifanye nini na habari hii, Shangazi? Imefika wewe umeshaondoka. Bakari hataki tena kuvuka mto. Anakaa barazani anasema, "Mimi ndiye niliyezileta dawa." Namwambia hapana, hasikii. Namtafuta wa kumkasirikia simpati. Daktari, nesi, Bakari, wote walikutakia uzima. Nimebaki nalikasirikia jasho.

Kuni zimeshika sasa, na wa kwanza nawaona wanakuja.

Lala, Shangazi. Mungu akupanulie kaburi lako na akupe nafasi ya kunyoosha miguu, maana hapa hukuipata. Ahadi yangu ni ndogo, na najua utanuna: sharti lako nimelivunja na nitaendelea kulivunja. Kitumbua cha kwanza kikitoka motoni nakila mimi, nimekaa, wateja wamesimama wananitazama. Sina sukari wala presha. Nakila tu. Nakimaliza chote.

Ni mimi mwanao,
Zena