Pakawa Inayochelewa

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mdogo wako, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Nimewapita madaktari watatu waliosema mapafu yangu hayatafika sitini. Nimezipita redio tano, mapaa mawili ya bati, na yule mwalimu wetu aliyesema mkono huu hautaandika barua hata siku moja. Barua ndiyo hii. Naiandika mwenyewe, pole pole, maana yaliyomo si ya kumtajia mtu aniandikie.

Magoti yako yanaendeleaje? Na lile jino? Kama bado linakusumbua ling'oe, usilibembeleze kama mkwe. Wasalimie wote hapo nyumbani, na yule paka wako mwizi pia.

Mimi ni mzima wa kujisifia. Nakula, nalala, naenda kwa kinyozi na kurudi bila fimbo. Fimbo naibeba kwa heshima tu. Mtaani hakuna jipya ila uvivu umezidi. Seremala jirani wa ukuta wa pili, yule uliyemlalamikia kwa kelele ulipokuja, siku hizi simsikii akigonga hata msumari. Na watu wote wamejifunza kuongea kama wana maji mdomoni. Ukimwambia mtu aseme vizuri anakutazama kama umemtukana.

Sasa habari yenyewe. Unajua kwamba kila Jumamosi jioni nasimulia zile hadithi za mama kupitia mtandao. Unajua, na ulikataa kusikiliza. Ulisema hadithi bila uso wa msimuliaji ni kikohozi tu. Sawa, dada, lakini kikohozi changu kina watu. Kilianza na wajukuu wetu waliotawanyika, huyu Ulaya, yule Amerika, mwingine huko mashariki kunakokuchwa wakati sisi tunakunywa chai. Wakaleta rafiki zao, rafiki wakaleta mama zao, na leo wakikusanyika wote hakuna ukumbi katika mji huu unaoweza kuwameza. Wanasikiliza, nao wanajibu, wote kwa pamoja. Binti yangu wa mwisho, ambaye wewe mwenyewe ulimbandika jina la Chiriku kwa kelele zake, ndiye anayeendesha kompyuta. Mimi naendesha hadithi. Kila mtu na jembe lake.

Kanuni ya mama unaijua kuliko mimi. Msimuliaji akisema paukwa, hatamki neno jingine mpaka asikie pakawa. Jibu likizubaa, hadithi inavunjwa, watu wakalale. Ndivyo alivyotuvunjia ile ya mwanamke aliyetumbukia kisimani, kwa sababu mimi nilisinzia. Wewe akakumalizia kesho yake jikoni, na mpaka leo umekataa kuniambia yule mwanamke alitokaje. Miaka sabini, dada. Una roho ngumu.

Basi tangu mwaka jana pakawa zikaanza kuchelewa. Nasema paukwa, kimya. Nangoja, nangoja, ndipo linakuja jibu dogo, la mbali, kama la watu walio chini ya godoro. Nikamwambia Chiriku mashine yake ni mbovu. Akanieleza kwamba sauti zetu zinapitia kompyuta kubwa iliyo mbali, inaitwa seva, na hiyo yetu tumepanga pamoja na wengine. Nikaelewa upesi, kichwa changu unakijua. Ni nyumba ya kupanga, vyumba ishirini, bomba moja. Jirani akifua nguo, wewe huna maji ya kunawa. Nikasema mtu wa umri wangu hapangi chumba. Tutafute nyumba nzima, yenye ufunguo wetu.

Chiriku akamleta fundi wa mitambo anayemwamini, mama mmoja wa makamo, mwenye maneno ya kuhesabu, tunamwita Bi Fundi. Alikaa mezani kwangu akasema nyumba nzima ipo. Unakodi seva yote, hakuna mwingine anayeitumia. Kilichobaki ni kuchagua iwe wapi. Mimi nilitaka iwe hapa hapa mjini, kule nyuma ya benki, niwe naenda kuipapasa. Bi Fundi akasema niipapase nikipenda, lakini umeme wa hapa naujua, na wasikilizaji wangu wengi wako nje, na njia ya sauti kutoka hapa kwenda kwao ni nyembamba kama tundu la sindano. Chiriku naye alikuwa ameona nyingine ng'ambo ya bahari kubwa, mashine nene, bei ya kutupa. Bi Fundi akatikisa kichwa. Alisema mjukuu wa mashariki akijibu, sauti yake itaizunguka nusu ya dunia kwenda na nusu nyingine kurudi, ifike imechoka.

Ndipo akataja nchi moja ya Ulaya. Jina nakuficha. Bi Fundi anasema pahali pa mashine hapatangazwi, kama usivyotangaza unapoficha ufunguo, na mimi najua kutunza siri, tofauti na watu fulani waliomwambia baba nani alivunja kioo. Ila nitakueleza ilivyo. Nchi ni ndogo, lakini imekaa kwenye njia panda ya nyaya. Zinazotoka mashariki, zinazotoka magharibi, na zile zilizolala chini ya bahari, zote zinafika pale, zinasalimiana, kila moja inashika njia yake. Ukikatika waya mmoja, sauti inapita mwingine kama maji kwenye mfereji. Kwa hiyo aliye mashariki na aliye Amerika wote wako mwendo wa wastani kutoka pale, na sisi pia. Nikasema hiyo ndiyo akili. Hata mtu anayefungua duka halifungui uchochoroni.

Lakini sikubali kitu kwa sifa. Niliwapigia simu wenye kampuni, Chiriku akitafsiri, nikawauliza kama ninavyomhoji mtu anayeposa. Ufunguo anao nani mwingine? Moyo wa mashine ukisimama usiku wa manane, nani anaamka? Wakasema kuna watu wa zamu mchana na usiku, na kila kitu kimeandikwa kwenye diski mbili, moja ikifa nyingine inaendelea kama mjane mwenye akili. Mwisho nikawaomba waweke simu karibu na mashine nisikie inavyopumua. Yule bwana alicheka sana, kisha akaenda kweli. Chiriku akakunja uso, akasema inavuma kama upepo juu ya bati. Mimi kwenye sikio langu nilisikia kimya kitupu. Nikamwambia hiyo ni mashine yenye adabu, tuichukue.

Tukapewa mwezi wa majaribio. Jumamosi ya kwanza nikasafisha koo, nikasema paukwa. Kimya. Nikasema tena kwa ukali, nikawauliza kama wamekuja kulala. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Chiriku akapima kwa vipimo vyake, akasema hajapata kuona njia safi kama ile. Nikamwambia vipimo vyake havijui paukwa. Akawaandikia wenye kampuni, wakabadilisha waya, wakabadilisha sijui nini. Jumamosi ya tatu nikawavunjia hadithi katikati. Nikasema kwa kanuni ya mama, kalaleni.

Dada, mtoto yule amekonda. Ana kazi yake ya mchana, na haya mambo yangu anayafanya katika saa zake za kupumzika. Jumatatu alikuja, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, hakupiga kelele hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema amehamisha mashine, amebadilisha nyaya, na hana nchi nyingine ya kuhamia. Mwezi wa majaribio unaisha Jumamosi hii. Kama siku hiyo nitasema pakawa bado inachelewa, hatatafuta tena. Atafunga baraza na kuwatangazia watu kwamba babu amepumzika. Amepumzika, dada. Kama marehemu. Mimi nikamjibu kwamba siwezi kuisifia mashine mbovu ili nimfurahishe mtu.

Jana alikuja Bi Fundi. Alikuwa na vile vifuniko vikubwa vya masikioni, na Jumamosi iliyopita yote ameirekodi. Akanivika, akaongeza sauti, akaniuliza kwa mkono kama nasikia. Nikasema kidogo. Akaongeza tena na tena, mpaka Chiriku, aliyekaa ng'ambo ya meza, akaziba masikio yake kwa viganja. Hapo ndipo niliposikia vizuri.

Nilijisikia nikisema paukwa. Na dada yangu, pakawa ilikuja hapo hapo, kama mlango unaofungwa na upepo. Watu wote, nchi zote, kwa pumzi moja. Niliwatambua mmoja mmoja. Yule wa mashariki ambaye mimi bado namwita kitoto, kumbe sauti imeshakuwa nene kama ya baba. Kisha nikasikia kimya changu mwenyewe, kirefu. Kisha nikajisikia nikiwafokea kwamba wamelala. Nao wakajibu tena, taratibu, pakawa babu, pakawa, kama unavyomjibu mgonjwa anayeweweseka. Mashine ni nzima. Nyaya ni nzima. Waliokuwa wakijibu walijibu kila mara.

Chiriku akaniuliza kwa macho. Nami, kwa kiburi alichoniachia baba na wewe ukakipalilia, nilivua vile vitu nikasema mashine hii nayo imeoza. Akainuka, akatoka nje.

Nikageukia dirishani nisimwone Bi Fundi. Nje kulikuwa kumeshafifia na taa imewashwa ndani, kwa hiyo kioo kilinionyesha chumba kizima. Nikamwona yeye nyuma yangu, na mdomo wake unacheza. Alikuwa akisema nami. Sikusikia hata herufi. Akasema tena, na safari hii niliona kifua chake kinavyopanda, maana yake alipaza sauti. Nikageuka nikajifanya natafuta kofia. Alikunja nyaya zake, akanipa mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Hajamwambia Chiriku, kwa maana Chiriku angekuwa ameshanirudia mbio. Ameniachia mwenyewe.

Leo asubuhi nilikwenda upande wa pili wa ukuta. Nikamkuta seremala amepinda juu ya kabati, nyundo inapanda na kushuka, vumbi tele. Nilisimama mlangoni nikamtazama akipigilia. Hajawahi kuacha kazi hata siku moja, maskini, nami nimemsengenya kwa mtaa mzima.

Basi, ukimwacha Bi Fundi, umejua kabla ya mtu yeyote. Mdogo wako masikio yamekwisha, au yako ukingoni. Uso kwa uso nayakamata maneno mdomoni mwa mtu, na Chiriku Mungu alimuumba na kipaza sauti, ndiyo maana sikushtuka mapema. Lakini watu wa mtandaoni hawana midomo ya kutazama. Ulisema hadithi bila uso ni kikohozi. Nimeandika, usinilazimishe kuandika mara mbili.

Kesho Chiriku akija nitamwambia mwenyewe kwamba ile mashine ya Ulaya ibaki, haina kosa, na nitamwambia kosa liko wapi. Hilo ni langu, sikuombi unisaidie. Nakuomba jingine. Unakumbuka gizani, tukikaa mkekani, macho yangu yakizama, ulikuwa ukinifinya juu ya goti ili nijibu mama asivunje? Nilikuwa na alama, nikamshitakia baba ukachapwa. Uje Jumamosi, ukae karibu yangu mezani. Wewe masikio yako hayajazeeka, unasikia hata paka akifikiria kuiba. Mimi nitasema paukwa. Wao wakijibu, wewe nifinye gotini, na mimi nitaendelea palepale, na hakuna msikilizaji duniani atakayejua. Chiriku ataniambia kuna taa za kuwaka na vifaa vya kuvaa sikioni. Tutavitazama. Daktari nitakwenda, nimewapita watatu, wa nne hanitishi. Lakini Jumamosi hii sina muda wa kuzoea taa.

Na siku utakayopenda wewe, tutabadilishana viti. Utawasimulia ile ya kisimani, yote, mpaka mwisho. Nitakaa nikutazame mdomo, sitasinzia.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, ni mtu wa kuaminika, anakuletea mlangoni. Msalimie jirani yako mshonaji, na watoto wote, na mwambie paka nakuja kumtafuta siku moja. Chiriku anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Niliyosema ni kweli yote. Habari ya mashine, muulize Bi Fundi. Habari ya nyundo, muulize seremala, ila usimwambie nilivyomsema. Na habari ya goti shahidi ni wewe peke yako, wengine wote wamekwisha kwenda.

Usikate kucha.

Ni mimi mdogo wako,
Kisinzio