Kibanda cha Usiku Mmoja

Norsborg, Stockholm
14 Septemba 1986

Mpendwa ndugu yangu Onyango,

Pokea salamu zetu, wewe na shemeji Adelina na watoto. Mahindi yamestawi? Na goti la shemeji limepoa? Sisi hatujambo, ingawa baridi imeshaanza kubisha hodi. Naandika Kiswahili ili shemeji ajisomee mwenyewe, maana nakujua, ukimsomea wewe huruka yale usiyoyapenda.

Barua yako niliipata mwezi wa sita. Umeniuliza tena, kwa adabu ile ile, nitakuja lini kujenga boma langu ili nawe upate kujenga lako, kwa kuwa kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Najua bado mmebanana katika kile kibanda chako cha ujana karibu na lango la baba. Sikujibu kwa sababu nilikuwa safarini Italia, na jibu nimerudi nalo kutoka huko.

Nilikwenda na Rocco, ambaye tunatengeneza naye mabasi. Kwao ni kusini kabisa. Ndugu yangu, niliyoyaona Roma hayasimuliki. Kuna nguzo za mawe zilizosimama tangu kabla ya Yesu kuzaliwa, na paka wamelala chini yake kana kwamba ni kitu cha kawaida. Niliweka kiganja juu ya jiwe moja, lina joto kama ubavu wa ng'ombe. Machozi yakanitoka, mimi ambaye kwenye msiba wa baba mlisema nina moyo mkavu. Rocco alinicheka, akaniambia ningoje nione kwao.

Kweli, kila mji tuliopita ulikuwa umekwea kilima, nyumba bega kwa bega, kengele za makanisa zikijibizana bondeni. Nilikuwa nikitembea mdomo wazi. Kwao Rocco basi lilituacha chini, tukapanda ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu wa kale. Lakini milango mingi imefungwa, wenyewe wamekwenda Ujerumani na Amerika.

Mdogo wake, Vito, sasa ni mvi tupu. Alitupokea katika chumba cha chini kilichokuwa zizi la punda. Humo ndimo alimoolea mke na kulea watoto. Juu yake kuna nyumba nzuri ambayo baba yao alimwachia Rocco, kifungua mimba. Vito hakuigusa. Alikuwa akimngoja mwenyewe, kwa heshima.

Tulipanda kuiona. Vito akatoa ufunguo mfukoni, akafungua taratibu, tukaingia. Hakuna paa. Mtini umeota sebuleni. Nguzo za Roma zimevuka miaka elfu mbili, nyumba ya Rocco haikumaliza ishirini. Nilimwomba Rocco amwulize nduguye kwa nini hakuhamia. Vito alijibu kwa maneno machache tu. Rocco akaketi kizingitini, akanitafsiria.

“Anasema sikumwambia kamwe kwamba sirudi.”

Onyango, mimi sirudi. Hakuna aliyeniudhi, na nyumbani kwetu napapenda. Ila maisha yangu yameshika mizizi huku. Nikimsimulia binti yangu Akeyo habari za nyumbani hunisikiliza vizuri sana, kisha hunijibu kwa Kiswidi. Nilikuwa nikisema mwakani, mwakani, na nilikuwa nikiamini. Mlangoni pale kwa Vito ndipo nilipojua. Inaniuma kukuandikia, lakini ingeniuma zaidi kukukuta na mvi katika kibanda hicho.

Mila sitaivunja. Nimeomba likizo ya Desemba. Tafuta miti michache na nyasi. Wazee watanionyesha mahali, nitasimamisha kibanda, nitalala humo usiku mmoja, kimila kihesabike kuwa boma langu, na asubuhi tutakwenda pamoja ukachague mahali pako. Shemeji aanze kuwaza jiko lake anataka litazame wapi. Upepo ukija kukiangusha kibanda changu, msikisimamishe.

Mke wangu Truphosa na watoto wanawasalimu sana. Pita kaburini kwa mama, umwambie Italia ni nchi nzuri mno.

Ndimi mkubwa wako, ninayekupisha njia,
James