Madonge ya Bwana Vioo

Matema, pwani ya Nyasa
9 Juni 1912

Kwa kaka yangu Asegelile,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, wewe pamoja na wifi yangu Veronika na mtoto wenu, ambaye mpaka leo hamjatuandikia jina lake. Mnaendeleaje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona? Mama anauliza habari za kifua hicho kila anapoona meli ikielekea Mwaya, kana kwamba nahodha ndiye daktari wako. Yeye bado anafinyanga, ingawa magoti yake hayataki tena kukaa chini muda mrefu. Samaki wapo, na mpunga wa Ngana na Busale umeanza kuvunwa, kwa hiyo wenye mitumbwi wamekwisha kuja kuuliza vyungu. Sote tu wazima kwa rehema za Mungu isipokuwa mmoja, naye ni mume wangu Ezra. Kwa ajili yake nimeshika kalamu. Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyotaka, ili wifi naye asome. Asome yote.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nilitaka kuichana. Umeandika kwamba Ezra ni mvivu na mlaghai. Kwamba ulimwombea kazi kwa Bwana Vioo kwa heshima ya jina lako, naye akakupaka matope. Kwamba bwana wako wa huko alizisoma habari za Ezra mezani, katika barua ya Bwana Vioo, na kukucheka mbele ya wageni. Kaka, wewe ni mkubwa wangu, ulinibeba mgongoni nilipokuwa sijui kutembea, na nakuheshimu. Lakini katika jambo hili umesema usilolijua, tena umelisema kwa kiburi cha mtu anayekula wali kila siku. Usidhani nitanyamaza.

Bwana Vioo unamfahamu, ulimpikia miaka miwili. Wakati wako alikuwa mtu wa vipepeo na mawe, na watu walikuwa hawajampa jina hili. Ulipoondoka alianza mchezo mwingine. Aliletewa masanduku manne ya kioo yenye fremu za chuma, kila moja refu kama jeneza, akayapanga barazani na kuyajaza maji ya ziwa. Ndani yake aliweka samaki wetu wadogo wa mawe, wale wa buluu na wa njano, pamoja na majani ya majini: yale marefu kama mikanda yanayoota kwenye ghuba tulivu, na mayungiyungi kutoka madimbwi ya Mwaya. Alitaka yastawi ili ayapeleke kwao yakaonyeshwe kwa wakubwa. Ezra akawa mtunzaji wake. Nilimcheka sana mume wangu siku zile, kwamba ameacha kulima mpunga wa baba yake huko Busale ili aje kulea magugu ndani ya nyumba.

Basi Bwana alitaka mchanga mweupe chini ya maji yale. Ezra aliuosha mara saba mpaka hauna hata chembe ya tope. Ulipendeza macho, lakini majani yakaanza kufa njaa ndani yake. Yakawa manjano, yakatoboka, mengine yakayeyuka kama mboga iliyoiva kupita kiasi. Bwana alifungua vitabu vyake, kisha akaamuru samadi ikorogwe kwenye ndoo na kumwagwa majini. Siku ya tatu maji yakageuka kijani kibichi, samaki wakaelea tumbo juu, na baraza nzima ikanuka. Akasema Ezra amekoroga vibaya.

Ezra alitusimulia nyumbani, na mama akacheka mpaka akashika ubavu. Alisema majani ya namna ile hula kwa miguu, sasa huyo mzungu anayamwagia chakula kichwani kwa nini. Akatukumbusha shimo letu la udongo, pale kando ambapo ng'ombe hunywa maji: kwato zao hukandamiza mavi ndani ya udongo, nayo majani huota manene pale pale, ilhali maji ya juu hubaki safi. Siku ile ile alichukua udongo, akauchanganya na samadi kuukuu iliyokauka, akafinyanga madonge ya ukubwa wa yai la njiwa na kuyaanika kivulini. Ezra aliyafunga kwenye jani la mgomba akaenda nayo. Alilididimiza kila donge mchangani kina cha vidole vitatu, kando ya mzizi bila kuugusa. Udongo uliishika samadi isitoke kuchafua maji, ukaitoa kidogo kidogo, na mizizi ikala. Haukupita mwezi mzima, yungiyungi likatoa ua. Tangu hapo, kila mwezi ulipoandama tulimfinyangia madonge mapya.

Laiti tungeyaacha yale magugu yafe.

Maana Bwana aliuliza udongo unatoka wapi. Ezra alijibu ukweli, kwamba unatoka kwenye shimo la wanawake, na kwamba yeye hajafika huko kwa kuwa mwanamume haingii. Unajua wewe mwenyewe, baba alikuwa akipita njia ya mbali ili asituone tukichimba. Bwana hakupita mbali. Alikuja na viatu vyake na watu wawili wenye majembe, Naomi mke wa jirani yetu Sadoki akiwa shimoni na nguo zake za kazi, akamwamuru atoke. Aliuonja udongo kwa ulimi, akautia kwenye chupa. Wiki iliyofuata tulikuta nguzo zimezunguka shimo, mlinzi ana bunduki, na karatasi imepigiliwa msumari. Mwalimu Hezroni ndiye aliyetusomea: mahali pale ni pa Bwana, na udongo utatiwa kwenye mapipa pamoja na samadi, uende Ulaya kuwa chakula cha maua. Mwanamke atakayeonekana pale atachapwa.

Tulikwenda barazani kwake wanawake kumi na tisa, tukakaa chini kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Mama ndiye aliyesema kwa niaba yetu, na Ezra akawa mkalimani, maskini, amesimama katikati ya mama mkwe wake na bwana wake. Mama alieleza kwamba mlima wetu ni mawe matupu, hatuna shamba la kutosha; chungu ndicho mahindi yetu, ndicho mpunga na ndizi zetu, watu wa Ngana mpaka Njisi wanatujua kwa chungu. Bwana alisikiliza huku akiwatazama samaki wake. Kisha akajibu kwamba udongo uko kila mahali duniani. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule, na mpaka leo chuki hiyo haijapungua.

Tulijaribu udongo wa mtoni. Una mchanga mwingi. Niliweka vyungu kumi na viwili motoni, na kumi na kimoja vilipasuka. Kuanzia Desemba hakukuwa na mtumbwi uliokuja kuchukua kitu. Tulikula muhogo asubuhi na jioni mpaka muhogo wenyewe ukaisha, kisha tukala majani yake. Naomi alikauka maziwa akiwa na mtoto mchanga, na mama akawa anampelekea uji wake mwenyewe, akituambia amekwisha kushiba. Ungemwona sasa mama, mikono yake imekuwa mifupa. Na katika muda huo wote, kila mwezi ulipoandama, mlinzi wa Bwana alituletea kikapu kimoja cha udongo wetu wenyewe ili tuyafinyangie magugu yake chakula. Sisi tulikuwa na njaa, magugu yalikuwa yakila.

Sasa nifike pale ulipoanzia wewe. Mwanzoni mwa Mei, wiki mbili kabla ya meli iliyokusudiwa kuyachukua, majani yote ya Bwana Vioo yalikuwa yamekwisha. Yalianza majani ya chini kuwa manjano, kisha yakatoboka, kisha shina likalegea, na asubuhi moja sanduku la nne likawa kama supu. Bwana aliita watu wote waliofanya kazi kwake waje uani. Alisema Ezra amemdanganya kwa udongo wa ukoo wa mkewe usio na nguvu yoyote, kwamba yale maua ya mwanzo yalikuwa bahati tu, naye amefanywa mjinga. Ezra alilazwa juu ya pipa, lile la kupelekea udongo Ulaya, akapigwa viboko ishirini na tano. Nilikuwepo. Nilivihesabu. Hakuomba msamaha. Baada ya wiki Bwana aling'oa nguzo zake, akaurarua ule waraka, na mlinzi akaenda zake. Wanawake wakarudi shimoni. Jumapili yake walitoa shukrani kanisani kwa jinsi Mungu alivyotupigania, nami niliimba pamoja nao.

Hiyo ndiyo habari uliyoisikia kwenye meza ya bwana wako, ila wewe uliisikia ikiwa na sahani na vicheko.

Na sasa, kaka, nikuambie lile ambalo sijamwambia mama wala mchungaji. Ezra hakuyaua majani yale. Udongo wetu haukuyaua. Niliyaua mimi.

Mama aliniachia kazi ya madonge kwa sababu ya magoti yake. Mwezi ulipoandama Februari niliyafinyanga kama kawaida, samadi ndani, nikayaacha kivulini siku tisa ili yasipasuke. Halafu niliyatia katikati ya vyungu, nikavifunika kwa nyasi na magome, nikawasha moto. Yalitoka mekundu na magumu, na samadi yote imeungua ndani. Niliyapaka udongo mbichi juu yake mpaka yakarudia rangi yake, nikayafunga kwenye jani la mgomba, nikampa mume wangu na kumtakia kazi njema. Machi nilifanya hivyo tena, na Aprili tena. Nilijua mzizi hauwezi kula kigae. Nilitaka Bwana auone udongo wetu hauna maana, aukasirikie, auache. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu. Kwamba kati ya Bwana na udongo alikuwa amesimama mtu, na mtu huyo analala kitanda kimoja na mimi, sikutaka kulifikiria.

Na Ezra alijua. Alijua kabla ya kupigwa. Asubuhi ile sanduku la nne lilipoharibika aliingiza mkono mchangani, akatoa donge ambalo lilipaswa kuwa limekwisha kuyeyuka, akalisugua, akaligonga kwa ukucha kama anionavyo nikigonga chungu, likalia. Bwana alikuwa bado anakunywa kahawa. Ezra alipapasa masanduku yote manne, akayatoa madonge moja moja na kuyatupa ziwani, ili mtu asiyaone. Alibakiza moja. Alipoulizwa amefanya nini, alijibu kwamba alifanya kama siku zote. Kisha akalala juu ya pipa.

Nilipokuwa nikimkanda mgongo kwa maji ya moto alifungua kiganja chake na kuniwekea donge lile mkononi. Alinisimulia jinsi alivyolipata, akasema limepita motoni, na kwamba hata mtu wa Busale anajua kigae ni nini. Hakupaza sauti. Hasira yake ningeiweza, kaka, lakini upole ule sijui niufanyeje. Halafu aliniuliza jambo moja tu: kama ningejua kwamba atakayepigwa ni yeye, je, ningeyachoma? Nilisingizia kwamba maji yamepoa, nikatoka kwenda kuongeza kuni.

Ni wiki ya tano sasa. Hawezi kuinama, mguu wa kushoto anauburuza, na mpaka leo hajaniuliza mara ya pili. Anasubiri. Mimi jibu ninalo, na nakupa wewe kwanza kwa sababu uko mbali. Ningeyachoma. Nikiukumbuka uji wa mama na kilio cha mtoto wa Naomi, ningeyachoma, na ningesimama pale pale uani nikahesabu. Nina hasira na Bwana Vioo aliyenifanya nichague, nina hasira na wewe uliyemtukana mtu bora kuliko sisi wote, lakini usiku na mchana ninajikasirikia mimi, kwa kuwa nimejitafuta moyoni na sioni jibu lingine.

Kwa hiyo nakuomba, na hili si ombi la kulifikiria: andika barua nyingine, uielekeze kwa Ezra mwenyewe, umwombe radhi kwa kila neno. Yeye hajui kusoma, barua zake zote ninamsomea mimi. Nitaisoma mbele yake, na nikifika mwisho nitalazimika kumtazama na kumjibu. Bila hiyo barua najifahamu, nitaendelea kuongeza kuni.

Mama anakusalimu sana, anasema ule mafuta ya samaki kwa ajili ya kifua. Naomi anakusalimu, mtoto wake ameanza kukaa. Mwalimu Hezroni naye anakusalimu. Msalimie wifi Veronika, umbusu mtoto, na safari hii mtutajie jina lake. Mungu awalinde ninyi nyote. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Neli, mke wa Ezra